Kujua Mapema Hatari ya Kifafa cha Mimba



Katika sharika zetu wako wanawake wafichao mimba hata ionekane kwa macho, na wengine hujitetea kwa habari za Elisabeti, aliyejitenga miezi mitano. Lakini Luka hakuiandika habari hiyo iwe amri. Tuangalie kwa nini kuficha kwaweza kumponza mama.

1. Kifafa cha mimba si pepo wala uchawi. Hutanguliwa na ugonjwa ambao mwanzo wake mara nyingi ni katika kondo la nyuma: mishipa ya damu ya tumbo la uzazi haikupanuka ipasavyo katika miezi ya kwanza. Wakati huo mama hasikii neno lo lote. Baada ya wiki ya 20 ndipo shinikizo la damu hufika 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo.

2. Hatari yaweza kutambuliwa kabla ya dalili. Tabibu humwuliza mama: Je, hii ni mimba ya kwanza? Uliugua hivi katika mimba iliyotangulia? Mama yako au dada yako je? Una kisukari, ugonjwa wa figo, au shinikizo la damu la tangu zamani? Kisha humpima shinikizo. Penye vyombo, hupima pia damu, na mwendo wa damu iendayo katika tumbo la uzazi.

3. Kujua mapema kuna faida. Mwaka 2017 ulitangazwa uchunguzi mkubwa ulioongozwa kutoka London. Wanawake walioonekana kuwa katika hatari walipewa aspirini miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, hata wiki ya 36. Katika 798 waliopewa dawa, 13 walipatwa na ugonjwa huu wakazaa kabla ya wiki ya 37. Katika 822 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 35. Lakini mtu asijipe dawa mwenyewe. Tabibu ndiye aamuaye.

4. Yatupasa nini? Mwalimu, ukiwafundisha wanaotaka kuoana, waambie: mama aende kliniki kabla ya wiki ya 12, na mume amsindikize. Akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu machoni, akiumwa chini ya mbavu, au akivimba uso ghafula, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama vipimo vya kwanza vilikuwa vyema. Tumwombee njiani; tusimcheleweshe nyumbani.

Maswali: Kwa nini wanawake wa usharika wetu huficha mimba? Ni nani awezaye kusema nao wakamsikia?