VITUNDU NDANI YA JIWE

Wenzangu wengine hapa Olenguruone husema mada ya mawimbi katika fizikia ni ya kupita mtihani tu. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni jiwe.

Kaskazini mwa Bonde letu la Ufa, huko Lokichar, Turkana, mafuta yalipatikana katika kisima cha Ngamia 1 mwaka wa 2012. Zamani hapo palikuwa na ziwa. Mwani ulizama topeni, ukafunikwa, ukapikwa na joto la ardhini hadi ukawa mafuta. Tope nalo likawa mwamba uitwao Lokhone. Sasa mbona mafuta yalipatikana katika mwamba wa mchanga, si ule wa tope ulioyapika?

Jibu ni vitundu. Vya mchanga ni vikubwa na vimeungana. Vya tope vingi hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000! Mafuta hupenya humo kwa shida sana. Yaliyohama yalichukua muda mrefu ajabu.

Hadubini ya shule haivioni hata ukodoe macho vipi, kwani mawimbi ya mwangaza yenyewe ni nanomita 400 hadi 700. Ya elektroni ni mafupi zaidi. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya elektroni, Ujerumani, mwaka wa 1931.

Kipande cha jiwe husuguliwa kikawa laini, kikapakwa kaboni na kuwekwa pasipo hewa. Elektroni zikikigonga, picha hutokea: vitundu vyeusi, madini ya kijivu. Pia hutoka eksirei zinazotaja kilichomo, kama silikoni, alumini au kalisi. Jiwe linajitaja lenyewe, jamani!