Silikoni ya Kuzibia: Itunzwe Vipi Isidhuru Afya ya Kaya

Katika nyumba nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, silikoni hutumika kuziba kingo za sinki, madirisha ya alumini na marumaru za bafuni. Kazi ikiisha, tyubu yenye mabaki huwekwa stoo ikingoja siku nyingine. Mabaki hayo yanagusa afya kuliko inavyodhaniwa.

Silikoni haikauki kama rangi. Huganda kwa kukutana na unyevu wa hewa. Aina iliyozoeleka hutoa asidi asetiki wakati wa kuganda, ndiyo maana hunukia kama siki. Unyevu unaoigandisha ukutani ndio pia unaoiharibu ndani ya tyubu. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, na joto la chini ya paa la bati huharakisha uharibifu.

Silikoni iliyopitwa na muda yaweza kubaki ikinata bila kuganda. Maji hupenya nyuma yake, kuvu huota, na mwenye pumu huweza kuzidiwa. Ncha iliyoziba nayo hukaribisha kuchokolewa kwa msumari au kukamuliwa kwa nguvu, hata mkono ukajeruhiwa au silikoni ikaruka jichoni.

Zingatia haya:

1. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kununua.
2. Hifadhi tyubu mahali pakavu, penye kivuli, mbali na watoto na vyakula.
3. Ukishaifungua, funga ncha kwa nailoni na mpira, uandike tarehe, na uitumie mapema.
4. Kabla ya kutumia mabaki, paka kidogo kwenye karatasi. Ikiwa bado inanata baada ya saa 24, itupe.
5. Fungua madirisha wakati wa kazi. Mwenye pumu akae nje hadi harufu iishe.

Ikigusa ngozi, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Usitie maziwa wala mafuta. Kamwe isitumike kuziba jeraha au jino.

Nawe mtoa huduma, mgonjwa wa pumu anaporudi mara kwa mara, muulize pia habari za nyumba yake: bafu linavuja? Ukuta una kuvu? Huenda sehemu ya tiba ikawa ni kuziba upya ufa huo, kwa silikoni ambayo haijaharibika.