Kuanza Kuwafundisha Watoto Wadogo Nyumbani

Mtaa wa Membley uko kando ya Barabara Kuu ya Thika, karibu na mji wa Ruiru, katika nchi iliyojulikana zamani kwa mashamba ya kahawa. Siku hizi kahawa imezipisha nyumba, na katika nyumba hizo wako wazazi wanaofikiri kuwafundisha watoto wao wadogo nyumbani badala ya kuwapeleka shuleni. Wengine wamechoka kumwona mtoto wa miaka minne akipandishwa basi la shule kabla ya jua kuchomoza. Wengine wana mtoto asiyesikia vizuri, au augua mara kwa mara. Wengine wameshindwa na karo. Wengine hutaka tu kukaa na watoto wao muda mrefu zaidi. Si kazi ya somo hili kumhukumu mtu katika sababu zake. Kusudi letu ni kueleza namna ya kuanza.

Jambo lenyewe si geni sana. Mnamo mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kila mzazi alijikuta amekuwa mwalimu bila kupenda. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi mwezi wa Oktoba mwaka ule. Wengine walingoja mpaka Januari 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, lakini mtoto wa miaka mitano hakai nusu saa akimsikiliza mtu asiyemwona. Nyumba nyingi hazikukosa vitabu wala simu. Zilichokosa ni mahali na saa. Meza ilikuwa ya chakula, kiti kilikuwa cha baba, simu ilikuwa ya mama, na mtoto alihamishwa huku na huku pamoja na daftari lake. Kwa hiyo mzazi anayetaka kuanza leo asikimbilie duka la vitabu. Na atafute kwanza pembe moja ya nyumba na saa moja ya mchana ambayo hakuna mtu atakayemnyang'anya mtoto.

Na tukirudi nyuma zaidi, watu wa Kiambu ndio waliojijengea shule zao wenyewe, wakafungua chuo cha walimu cha Githunguri mwaka 1939, mpaka serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka 1952. Kushika elimu ya mtoto kwa mikono yao si jambo jipya kwao. Lililo jipya ni kufanya hivyo ndani ya nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoruhusiwa, bila kukosa. Mzazi asiyefanya hivyo pasipo sababu ya haki, baada ya kuonywa kwa barua, ana hatia, na aweza kutozwa faini au kufungwa. Haitoshi basi kusema, "Mimi namfundisha mwenyewe." Mtoto afikapo umri wa Gredi ya 1, yaani kama miaka sita, wajibu huo humkabili mzazi waziwazi. Shauri letu ni kwamba aende mapema kwenye afisi ya elimu ya Ruiru, aeleze nia yake, naye aombe jibu lililoandikwa.

Liko na jambo jingine ambalo wazazi husahau mpaka wakati umepita. Tathmini ya KPSEA, iliyoanza mwaka 2022 mwishoni mwa Gredi ya 6, huandikishwa kwa njia ya shule. Mtoto asiye na jina katika shule yo yote atapata taabu siku hiyo, hata akiwa na akili nyingi. Tena, mama akikusanya watoto wa jirani sebuleni mwake na kupokea malipo, huyo hafundishi tena nyumbani. Amefungua shule, na shule hapana budi isajiliwe.

MAHALI PA KUSOMEA

Mnamo Januari 1907 daktari mmoja wa Kiitalia, Bibi Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Wazazi wa watoto hao walishinda kazini, nao watoto walishinda wakichafua kuta na ngazi. Shule za wakati ule zilikuwa na madawati mazito, na mtoto alikaa humo kama mfungwa. Bibi huyo alitaka meza ndogo na viti vyepesi ambavyo mtoto aweza kuvibeba mwenyewe, na makabati mafupi ambayo mtoto aweza kutoa kitu na kukirudisha bila kumwita mtu mzima. Wazo hilo ni rahisi, wala halihitaji fedha nyingi, nalo lafaa sana katika nyumba zetu.

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, fundi seremala ye yote wa Ruiru aweza kutengeneza kiti chenye kimo cha sentimita 30 hivi, na meza ya sentimita 50 hivi. Lakini usimwamini fundi kwa maneno. Mpeleke mtoto mwenyewe akakae. Nyayo zake zikanyage chini zote mbili, na viwiko vyake vilingane na uso wa meza. Mtoto anayening'iniza miguu huanza kupindapinda baada ya muda mfupi, na mama humwita mtukutu, kumbe kosa ni la kiti. Asiye na fedha za kiti akate miguu ya stuli ya zamani, au atandike mkeka na kumpa mtoto ubao wa kuwekea magotini. Katika baridi ya mwezi wa Julai, mkeka juu ya sakafu ya saruji si anasa.

Nuru itoke upande wa kushoto kwa mtoto atumiaye mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Kwa atumiaye mkono wa kushoto iwe kinyume chake. Wala asilazimishwe kubadili mkono, kama walivyolazimishwa watoto wengi wa zamani. Dirisha la mashariki huingiza jua kali asubuhi, kwa hiyo meza iwekwe ubavuni mwa dirisha, si mbele yake. Mahali hapo pawe mbali na jiko la gesi na mbali na televisheni. Kama nyumba ina chumba kimoja tu, televisheni na ifunikwe kitambaa saa ya masomo. Mtoto hujifunza upesi kwamba kitambaa kikiwekwa, kazi imeanza.

Ukutani paka rangi nyeusi ya ubao, kipande cha mita moja, chini kabisa, mahali mtoto anapofikia. Mwenye nyumba akikataa ukuta kupakwa, paka kipande cha mbao kikaegemezwe. Kando yake weka rafu moja fupi, na juu ya rafu hiyo usiweke vitu zaidi ya sita au saba kwa wakati mmoja. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Hununua vitu, hurundika vitu, na mtoto akiona rundo hulimwaga lote asichezee hata kimoja. Vitu vingine vifichwe katika boksi juu ya kabati, kisha kila baada ya juma moja vibadilishwe. Kile kilichofichwa kitarudi kama kipya.

Vitu vyenyewe ni vipi? Vizibo vya soda vya kuhesabia, mia moja vyatosha. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Sinia yenye mchanga mkavu wa kuandikia herufi kwa kidole (wengine husema unga, lakini unga una bei). Chaki, penseli nene, karatasi zilizotumika upande mmoja, udongo wa kufinyanga, na vitabu vichache vyenye picha. Vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya hupatikana madukani. Maharage na punje za mahindi zafaa kuhesabia pia, ila zisiachwe mbele ya mtoto mdogo, kwani atazitia puani au sikioni, na somo la hesabu litamalizikia hospitali.

Neno moja la mwisho juu ya mahali: pembe hiyo isifanywe kamwe mahali pa adhabu. Mtoto aliyetumwa kukaa kwenye meza yake kwa sababu amemwaga maziwa hatakwenda tena kwenye meza ile kwa furaha.

SAA

Shuleni, kipindi kimoja cha watoto wa chekechea na wa gredi tatu za kwanza ni dakika 30, nacho hushikwa na mwalimu aliyefunzwa, mbele ya watoto wengi. Nyumbani, penye mtoto mmoja au wawili, dakika 15 au 20 zatosha kwa somo moja. Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, ambaye chama chake cha wazazi kilipeleka masomo kwa posta mpaka nyumba za nchi za mbali, alishikilia kuwa masomo ya watoto wadogo yawe mafupi sana, na kwamba kabla ya miaka sita mtoto yafaa awe nje kuliko kukaa kitini. Wazazi wa mjini hawapendi kusikia hivyo. Hupenda kuona mtoto wa miaka mitatu akiandika jina lake.

Tuseme mama mmoja ana mtoto wa miaka mitano na mwingine wa mitatu. Kazi za asubuhi zimekwisha saa tatu. Huanza na hadithi, wote wawili wakisikiliza. Kisha mkubwa hupewa herufi na silabi dakika 15, na mdogo hupewa udongo afinyange, kando ya meza ile ile, maana akifukuzwa atalia na kuharibu yote. Kisha uji. Kisha nje, kumwagilia sukuma wiki, kuhesabu ndoo, kutazama chungu wanavyobeba makombo; hayo nayo ni masomo, na mtaala wenyewe una shughuli za mazingira. Kisha vizibo vya hesabu, dakika 15 nyingine, kisha kuchora. Saa tano imefika, na kazi ya siku imekwisha. Mchana mtoto akipenda kurudi kwenye rafu yake mwenyewe, mwache, lakini usimwite.

Saa hizo ni chache, ila ni ngumu kuzishika. Mgeni atabisha, simu italia, mwenye maziwa atakuja. Majirani waambiwe kwa adabu kwamba kuanzia saa tatu mpaka saa tano mama yuko kazini. Na baba atokaye alfajiri kwenda Nairobi asidhani kuwa hayumo katika shauri hili. Hadithi ya usiku ni yake, na kazi moja ya Jumamosi, kama kupima mbao au kutengeneza baiskeli, ni somo la hesabu lisilo na mfano. Ikiwa baba na mama wote wawili huenda kazini, na mtoto hubaki na msaidizi wa nyumbani, lazima waulizane kwa unyofu: nani atakayefundisha? Msaidizi huyo ana nguo za kufua na chakula cha kupika. Kumwongezea ualimu bila mshahara wala maelezo ni kumwonea, na mtoto hatapata kitu. Katika hali hiyo shule nzuri iliyo karibu ni bora.

LUGHA

Lugha ya kuanzia ni ile ambayo mtoto huota nayo. Tume iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Mtoto wa Membley huenda akasikia Kikuyu kwa nyanya yake, Kiswahili nje, na Kiingereza katika televisheni. Kwa kusoma, Kiswahili kina rahisi yake: kila herufi hushika sauti yake. Mtoto akijua a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, mara atasoma baba na bibi bila kufundishwa. Kiingereza hakina wema huo, kwa hiyo kingojee kidogo katika kusoma, ingawa kusemwa chaweza kusemwa tangu mwanzo.

WENZAKE NA DAFTARI

Hatari kubwa ya mtoto wa nyumbani si kukosa herufi, ni kukosa wenzake. Asipogombana na kupatana na watoto wengine hatajua kungoja zamu yake. Basi siku mbili au tatu katika juma apelekwe kucheza na watoto wa jirani, na kama kuna maktaba ya umma anayoweza kufika, aende huko achague kitabu mwenyewe.

Mwisho, nunua daftari moja na uandike kila siku mistari miwili: tarehe, na alichofanya mtoto. Usiandike ulichokusudia, andika kilichotokea. Kila mwezi bandika humo mchoro mmoja na ukurasa mmoja wa maandishi yake. Siku mtoto atakapoingia shuleni, mwalimu mkuu ataomba kwanza cheti cha kuzaliwa. Kisha atauliza, "Amefika wapi?" Mpe daftari hilo.