SOMO: JINA LAKO HALIMO, LAKINI UNAJULIKANA



Katika kambi na katika jamaa zinazopokea wageni, simu ni chombo cha kutafuta ndugu waliopotea, kupokea pesa na kusikia habari za usalama. Familia nyingi zilizokimbia vita hazitaki ijulikane zinalala wapi. Kwa hiyo watu hujihadhari: hawaandiki jina la kweli, wanabadili kadi ya SIM, wanafuta kurasa walizofungua. Ni vizuri, lakini haitoshi. Katika somo hili tutaona kwa nini.

Nani anatufuata?

Programu nyingi za bure zinalipwa na matangazo ya biashara. Ili kumwonyesha kila mtu tangazo linalomfaa, makampuni hukusanya habari: umefungua nini, saa ngapi, ukiwa wapi. Mara nyingi nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada unaokwisha kabla hujafumba jicho na kulifumbua. Habari za simu yako hutumwa kwa makampuni mengi yaliyo katika mnada huo, hata yale yasiyoshinda.

Wanatutambua kwa njia gani?

1. Kuki. Ni alama ndogo ambayo ukurasa wa intaneti unaiweka ndani ya simu yako, ili ukirudi ujulikane. Hii unaweza kuifuta.

2. Namba ya matangazo. Imo ndani ya simu yenyewe, si katika kadi ya SIM. Ukibadili kadi, namba hiyo inabaki ile ile.

3. Sura ya chombo chako. Ukubwa wa kioo, lugha, majira ya saa, aina za herufi: kila kimoja ni cha watu wengi, lakini vikiunganishwa vinaweza kuwa vya mtu mmoja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2010, shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilipima programu za kufungulia intaneti karibu 470,000. Asilimia 83.6 hazikufanana na nyingine yoyote katika hesabu hiyo.

4. Safari zako. Mwaka 2013 wataalamu walichunguza safari za simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya. Waliona kwamba kujua mahali panne tu, pamoja na saa, kunatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao.

Dirisha la siri la intaneti haliondoi mambo haya yote. Linazuia tu simu yako isitunze kurasa ulizofungua na kuki zake.

Mfano kutoka Marekani

Desemba 2019, gazeti la The New York Times lilieleza habari za mahali zilizokusanywa kutoka simu zaidi ya milioni 12. Hapakuwa na jina hata moja. Hata hivyo waandishi waliweza kuwatambua watu, kwa sababu simu hulala nyumbani kwa mwenyewe na asubuhi huenda naye kazini.

Hii inatuhusu namna gani?

Mahali simu inapolala panaonyesha mahali familia inapolala, na habari za namna hii huuzwa. Tena, siri inapovuja, ni rahisi kumshutumu jirani, hasa akiwa wa kabila lingine. Kabla ya kumwita mtu msaliti, tukumbuke kwamba siri inaweza kutoka bila mtu yeyote kufungua kinywa. Shutuma bila ushahidi imekwisha kuvunja ujirani mwingi.

Tufanye nini?

- Tuzime ruhusa ya kujua mahali kwa kila programu isiyoihitaji.
- Katika simu nyingi za Android, tufungue mipangilio, tutafute faragha, kisha matangazo, tufute namba ya matangazo. Katika iPhone, programu ikiomba ruhusa ya kutufuata, tuikatae.
- Tuondoe michezo na programu tusizotumia.
- Tukienda mahali pasipotakiwa kujulikana, tuache simu nyumbani. Simu isiyokuwapo haina la kusimulia.
- Viongozi, kufuta majina katika orodha ya familia hakutoshi. Kijiji cha asili, umri na hesabu ya watoto vikibaki pamoja, familia inaweza kutambulikana. Tuandike yanayohitajiwa tu, na orodha isipitishwe ovyo kwa simu.

Hatua hizi hazimfichi mtu kabisa, lakini zinapunguza nyayo anazoziacha.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni programu gani katika simu yako zinazojua mahali ulipo? Je, zote zinahitaji kujua?
2. Katika kambi au mtaa wetu, nani anatunza orodha za familia, na nani anaruhusiwa kuziona?
3. Siri ikivuja, tutachunguza namna gani bila kumshutumu asiye na hatia?

Tunaomba kila kiongozi asome somo hili pamoja na watu wake, hasa vijana, maana mara nyingi wao ndio wanaotengeneza simu za wazee.