Katekini ya Chai na Ulinzi wa Ukuta wa Utumbo katika Unene Uliopindukia

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na unene uliopindukia pale uwiano wa uzito na urefu wake (BMI) unapofikia 30 au zaidi. Madhara ya hali hiyo kwa moyo na kongosho yanafahamika. Yale yanayoanzia tumboni huzungumzwa kwa nadra, ingawa ndiyo yanayoeleza kwa nini wanasayansi wanaichunguza chai.

Ukuta unaovuja

Utumbo umefunikwa kwa ndani na safu moja tu ya seli, zilizoshikamanishwa na protini maalumu kama matofali kwa saruji, na juu yake upo ute. Ukuta huo hupitisha virutubisho na kuzuia bakteria. Mwaka 2007 Patrice Cani na wenzake walionyesha kuwa panya waliolishwa mafuta mengi walikuwa na ongezeko la lipopolisakaridi, kipande cha ganda la bakteria, ndani ya damu. Kipande hicho huamsha kinga ya mwili na kuleta uvimbe hafifu wa kudumu, ambao huidhoofisha kazi ya insulini. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoelekea kwenye kisukari cha aina ya 2 na mafuta katika ini.

Kazi ya katekini

Katekini iliyo nyingi zaidi katika chai ya kijani ni epigalokatekini galati (EGCG). Kiasi kidogo tu hufyonzwa na kuingia katika damu. Sehemu kubwa hufika utumbo mpana na kukutana na bakteria waishio humo. Katika majaribio ya panya waliolishwa mafuta mengi, katekini za chai zilipunguza uvujaji wa ukuta, uvimbe na ongezeko la uzito.

Majani ya Kericho na Mufindi hutoka katika mmea uleule. Hata hivyo, katika utengenezaji wa chai nyeusi, majani husagwa na kuachwa yapate hewa, na katekini nyingi hugeuka kuwa thiaflavini na thiarubijini. Kwa hiyo, matokeo ya chai ya kijani hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye chai ya rangi.

Mipaka na tahadhari

Panya si binadamu. Kwa watu, chai ya kijani imepunguza uzito kwa kiasi kidogo mno, na haichukui nafasi ya lishe bora, mazoezi wala dawa. Vidonge vya katekini vina hatari yake: mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi za EGCG kwa siku kutoka virutubisho vya ziada zinaweza kuashiria madhara kwa ini. Mgonjwa anayevitumia, kisha macho yakawa ya manjano au mkojo ukawa mweusi, aviache na kwenda kituo cha afya mara moja. Mhudumu naye amwulize kila mgonjwa wa ini kuhusu vidonge vya kupunguza uzito.

Chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokanayo na mimea. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wainywe walau saa moja mbali na mlo na vidonge vya chuma.

Sukari nayo ihesabiwe. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja hufikisha gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kubaki chini ya takriban gramu 25 kwa siku huleta faida zaidi kwa afya ya mtu mzima.