Mafuta Yakae Wapi Kwenye Kalibu ya Risasi

Neno letu risasi hubeba vitu viwili: madini mazito ya kijivu, na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Hapa risasi itakuwa madini tu. Kitu kinachosubiwa tutakiita kichwa. Wako wawindaji na wapiga shabaha wa Marekani wanaosubu vichwa vyao wenyewe nyumbani, na jambo linalowatatiza wengi wanapoanza ni mafuta ya kalibu. Yakikosekana, kalibu huumia. Yakizidi, vichwa hutoka na mikunjo.

Tuanze na madini yenyewe. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ikishayeyuka, chembe zake huvutana kama za kimiminika chochote. Chembe ya katikati huvutwa pande zote. Ya juu kabisa haina jirani upande wa nje, hivyo huvutwa ndani, na uso mzima hukaza mithili ya ngozi. Hali hii ndiyo mvutano wa uso, nayo ndiyo inayolifanya tone la maji kuwa la mviringo. Katika risasi iliyoyeyuka, mvutano huo ni takriban mara sita ya ule wa maji.

Sasa tuitazame kalibu. Ni vipande viwili vya alumini au chuma vinavyofumbatana, kila kimoja kikiwa na nusu ya umbo la kichwa. Juu yake hulala bamba lenye tundu la kumiminia, ambalo huzungushwa ili kukata risasi iliyobaki juu. Kwenye nyuso zinazokutana huchorwa mifereji myembamba sana. Hewa iliyomo hutokea humo, lakini risasi, kwa sababu ya ule mvutano, haiingii.

Mvutano huohuo una upande wa hasara. Kukiwa na mafuta ndani ya umbo, joto huyageuza kuwa mvuke na moshi papo hapo. Mvuke huo huisukuma risasi kutoka ukutani, nayo, kwa kuwa uso wake umekaza, huganda kabla haijapata nafasi ya kurudi. Mkunjo unaouona kwenye kichwa ni alama ya mahali palipokaliwa na mvuke. Kwa hiyo kalibu mpya, ambayo mara nyingi huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, husuguliwa kwa brashi laini, maji moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha hukaushwa kabisa.

Neno kabisa nimelitumia kwa makusudi. Maji yanapogeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Tone moja likifunikwa na risasi ya moto hulipuka na kuirusha usoni na machoni. Miwani, glavu na nguo za mikono mirefu ni lazima. Risasi pia ni sumu, na hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Kazi hii haifanywi jikoni, wala sufuria yake hairudi kupikia.

Mafuta yanahitajika pale vyuma vinaposuguana: kwenye bawaba, kwenye pini zinazolinganisha vipande viwili, na chini ya bamba. Alumini ni laini, na bamba la chuma likipita juu yake kavu huichimba. Wengi hutumia mafuta yale ya kuchanganya na petroli katika injini ndogo, au nta ya nyuki. Kalibu ikiwa na moto, kijiti chenye pamba hugusishwa mafuta, pamba hufutwa, na unyevu unaobaki ndio hupakwa. Hiyo inatosha, kwa sababu mafuta ya moto hutambaa yenyewe, na yakizidi yatafika ndani ya umbo.

Vichwa vya kwanza vikitoka na mikunjo, usiilaumu sabuni haraka. Kalibu ya baridi nayo hugandisha risasi mapema na kuacha mikunjo ileile. Virudishe kwenye sufuria ya kuyeyushia, endelea kumimina mpaka kalibu ipate moto. Mikunjo isipokoma hapo, mafuta yamo ndani. Iache ipoe, uoshe tena.