SOMO LA JIOGRAFIA: PETROLI INAPANDA

Wengi wanafikiri petroli iko chini ya udongo kama ziwa. Sivyo. Iko ndani ya vitundu vidogo sana vya mawe ya mchanga.

Viumbe vidogo vya majini vilizikwa zamani katika matope. Joto la chini likavigeuza petroli na gazi. Hizi ni nyepesi kuliko maji, basi zinapanda polepole mpaka tabaka la udongo wa mfinyanzi linazizuia. Hapo zinajipanga: gazi juu, petroli katikati, maji chini.

Pasipo kifuniko, zinatoka inje. Kule Kibiro, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, petroli inatoka yenyewe. Lakini visima ndivyo vilivyohakikisha utajiri, mwaka 2006. Basi mukiona mafuta juu ya maji, musishangilie mbio: pengine ghala linavuja.

Swali: Kwa nini gazi inakaa juu ya petroli?